Kilomita Elfu Tatu Mia Tisa na Kumi na Tano

SURA YA TISA

"Kilomita elfu tatu mia tisa na kumi na tano," Fredy alisema. "Uwanja wa ndege wa Mwanza mpaka uwanja wa Dubai. Saa tano na dakika ishirini hewani. Sasa niambie, afande, huyo kijana wenu aliuawa saa ngapi?"

Inspekta Pantaleo aliiandika ile namba kwenye daftari lake bila kuinua kichwa. Aliandika taratibu, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa sababu angeinua kichwa angemzaba mtu kofi, na wakili alikuwa amekaa palepale.

"Jumatatu ya wiki iliyopita," alisema. "Kati ya saa nne na saa sita mchana. Rwamgasa."

"Basi. Saa nne kamili ndege yangu iliacha ardhi ya Mwanza. Saa sita mchana nilikuwa nakula wali juu ya mawingu. Saa tisa na dakika ishirini nimetua Dubai. Muulize mke wangu, nilimtumia ujumbe palepale uwanjani."

"Mteja wangu amejibu," alisema wakili, akivuta mkono wa shati kutazama saa yake. "Amejibu jana, amejibu leo. Alikamatwa jana saa kumi jioni. Leo saa kumi mtakuwa mmemfungulia mashtaka, au mtamwachia. Sheria haina mlango wa tatu."

Kuanzia Kahama mpaka Rwamgasa hakuna mchimbaji aliyemwita Fredy kwa jina lake. Aliitwa Dubai. Wanunuzi wengine wa dhahabu walikuwa na mizani na vibanda. Yeye alikuwa na mizani, kibanda na Dubai. Kila mwezi alikusanya mzigo wa wachimbaji wadogo, akaaga, akarudi baada ya siku tatu au nne na tende, manukato na bei. "Bei ya huko ndiyo hii, wanangu, nimeisikia kwa masikio yangu," alikuwa akiwaambia, na wanaume walioshinda wiki nzima chini ya ardhi walimkabidhi mali yao bila kubishana. Nani kati yao angekwenda kuhakikisha?

Eliya alitaka kuhakikisha. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwenyeji wa Didia, mchimbaji wa Rwamgasa. Jumamosi, siku mbili kabla ya kufa, alisimama mbele ya meza ya Pantaleo na kofia mkononi. Mwezi uliopita, alisema, wakati wachimbaji wote wanajua Dubai yuko Dubai, yeye alimwona Nyahanga, hapahapa Kahama, nyumba yenye geti la kijani jirani na mashine ya kukoboa mpunga. Alikuwa amevaa msuli, anapiga mswaki. Jumatatu atasema anasafiri tena. Njooni mwone wenyewe.

"Kalete mashahidi," Pantaleo alimwambia. "Rudi Jumatatu." Alikuwa anatafuna andazi, na hata hakusimama.

Eliya alikwenda Rwamgasa kutafuta mashahidi. Jumatatu asubuhi mtu alimpigia simu, akaondoka peke yake kuelekea maduara ya zamani, yale mashimo yaliyoachwa. Jumanne wenzake walimtoa kwa kamba, kichwa kimepasuliwa kwa nyundo. Siku tatu za mwanzo zilipotea kwa kumfuatilia Donatus, mwenzake wa zamu, ambaye waligombana naye juu ya pampu. Donatus alikuwa kwenye duara lake siku hiyo na watu kumi na mmoja wanamshuhudia. Akabaki Dubai, na Dubai alikuwa hewani. Pasipoti yake, alisema, iko kwa wakala wa viza Dar es Salaam, tiketi ilikuwa kwenye simu, na simu imeibwa. Uhamiaji walishaandikiwa, majibu si kabla ya Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano.

Pantaleo alimchukia Fredy mara mbili: kwa alichofanya Fredy, na kwa alichofanya yeye mwenyewe. Chuki ya pili ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi, na alikuwa ameamua kumtwika Fredy zote mbili.

Alifunga daftari akatoka.

Kwenye benchi la ukumbini alikaa mama wa Eliya, Bernadina, miguu imenyooka mbele yake, kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Alikuja kila siku kwa basi la kwanza kutoka Didia na kuondoka jioni. Hakuwa akilia wala kuuliza. Alikaa tu, na askari walianza kupita mlango wa nyuma.

"Mwangaluka, mayu," Pantaleo alimsalimu mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba." Alimwangalia kutoka viatu mpaka kichwa. "Nimesikia saa kumi mnamwachia."

"Nani amekwambia?"

"Watu si mabubu. Ni kweli?"

"Nisipopata kitu, ni kweli."

Bernadina aliondoa kitambaa kichwani. Nywele zake zilikuwa zimeota, nyeupe na nyeusi, zimevurugika.

"Ukoo wote umenyolewa," alisema. "Matanga yamekwisha, watu wamekwenda kupalilia. Mimi nimekataa wembe. Nimewaambia sinyolewi mpaka nimwone huyo mtu amefungwa pingu. Wakanijibu, Mama Eliya, mwachie Mungu. Mungu nimemwachia roho ya mwanangu. Huyu mwingine namtaka mimi."

"Serikali ndiyo itakayo—"

"Mwanangu alikuja kwa hiyo serikali, siku ya Jumamosi. Aliniambia kwenye simu. Alisema polisi wamemwambia arudi." Alifunga kitambaa chake tena. "Hakuniambia ni polisi gani. Nimekuwa nawatazama mmoja mmoja."

Pantaleo alihisi uso unamwaka. Angeweza kusema pale pale. Hakusema. Aliingia ofisini, akafunga mlango, akafungua daftari kwenye ile namba.

Elfu tatu mia tisa na kumi na tano.

Kulikuwa na kitu ndani ya namba hiyo kilichokuwa kinamkera tangu asubuhi, na sasa alikijua. Yeye mwenyewe alishasafiri kwa basi kutoka Kahama mpaka Dar es Salaam labda mara thelathini. Mtu akimwuliza ni kilomita ngapi, angekisia. Lakini angeweza kusema basi liliharibika wapi, chakula kilikuwa kibaya wapi, na abiria wa pembeni alimlalia bega mpaka wapi. Msafiri hubeba safari mwilini. Fredy hakuwa na njaa wala foleni wala jirani. Alikuwa na kilomita, na hizo kumi na tano za mwisho juu yake.

Alichukua simu akaandika, kama mtoto wa shule: umbali na muda wa ndege, uwanja wa Mwanza hadi uwanja wa Dubai.

Jibu lilikuja kabla hajaweka simu mezani. Ramani, mstari mwekundu ulionyooka kutoka ziwani ukikatiza nchi za watu, jangwa na bahari. Kilomita 3,915. Muda wa kuruka, saa tano na dakika ishirini. Chini kabisa, kwa maandishi madogo ambayo mtu mwenye haraka hasomi, palikuwa na maelezo: hesabu hii ni ya mstari ulionyooka, huenda hakuna ndege inayosafiri moja kwa moja kati ya viwanja hivi.

Pantaleo alisoma maandishi hayo madogo mara tatu. Kisha alimpigia Martina, binti wa shangazi yake, ambaye amekata tiketi za ndege Mwanza kwa miaka tisa.

"Shikamoo kaka. Leo umenikumbuka, kuna msiba?"

"Marahaba. Msiba upo. Nataka kwenda Dubai kutoka Mwanza, nipande ndege moja, nisishuke mahali."

Martina alicheka. "Kaka, hiyo ndege ukiipata uniite na mimi. Toka nimeanza kazi sijamuuzia mtu tiketi hiyo. Unapanda hapa, unashuka Dar, unakaa, unagongewa muhuri wa Uhamiaji, unapanda nyingine. Au upitie nchi ya jirani, ni yaleyale. Ukitoka hapa asubuhi, shukuru Mungu ukifika usiku."

"Saa tano na dakika ishirini?"

"Hizo ni za kunguru, na kunguru mwenyewe awe na haraka. Tena ukifika, sogeza saa yako mbele. Wenzetu wametutangulia saa moja."

"Rudia hilo la mwisho."

"Kwetu ikiwa saa tisa, kwao ni saa kumi. Kila mtu aliyefika anajua, maana simu inabadilika yenyewe ukiwasha."

Pantaleo alimshukuru. Alikaa dakika moja nzima akitazama ukuta, akiwa na furaha ambayo haikuwa nzuri hata kidogo. Halafu akarudi chumba cha mahojiano.

"Samahani, Bwana Fredy," alisema, akikaa. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Mimi ni mtu wa kijijini, ndege sizijui. Mkubwa wangu anataka nijaze vizuri. Ulibadilisha ndege wapi?"

"Sikubadilisha. Moja kwa moja."

"Mwanza, Dubai. Bila kushuka."

"Afande, kilomita hizo ukianza kushukashuka utafika lini?"

"Kweli. Na mlipotua, pale uwanjani najua kuna saa kubwa ukutani. Ilikuwa inasema saa ngapi?"

"Nimeshakwambia. Saa tisa na dakika ishirini."

"Ya ukutani? Si ya mkononi kwako?"

"Ya ukutani, ya mkononi, ya simu. Zote saa tisa na dakika ishirini. Saa ni saa."

"Umekwenda Dubai mara ngapi?"

"Miaka minne, karibu kila mwezi. Hesabu mwenyewe."

Kalamu ya wakili ilikuwa imesimama. Yeye alishawahi kupanda ndege. Alimgeukia mteja wake taratibu, akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana, kisha akasema kwa sauti kavu, "Usijibu swali lingine."

"Kwani nimesema nini?"

"Usijibu," wakili alirudia.

Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, na ya Fredy ilikuwa imeishia kwenye kiti chake mwenyewe. Angeweza kusema alikuwa Dar es Salaam. Angeweza kusema alilala gesti Geita na mwanamke, na polisi wangehangaika mwezi mzima. Lakini mtu aliyejiita Dubai miaka minne hawezi kuwa mahali pengine. Siku angekiri hajawahi kufika, kila mchimbaji aliyemkabidhi mali yake angejua ile bei aliyoletewa ilitungwa wapi. Eliya alikufa kwa sababu hiyo, na Pantaleo alikuwa na uhakika sasa kama alivyo na uhakika wa jina lake.

Uhakika wake haukumtosha mkuu wa upelelezi. Gregory alikuwa mtu mnene, mwangalifu, aliyebakiza miezi minane kustaafu.

"Kudanganya kuhusu ndege si kuua mtu," alisema.

"Ndiyo, afande. Lakini mtu ambaye hakuwa Dubai alikuwa mahali. Naomba hati ya kupekua mahali hapo. Nyahanga, geti la kijani. Nilishakwenda mara mbili, yumo mwanamke anaitwa Dorah, amesema hamjui Fredy yeyote. Bila hati nilirudi."

"Nani alikuelekeza hiyo nyumba?"

"Marehemu," Pantaleo alisema. "Nilimwambia arudi Jumatatu."

Gregory alivuta karatasi, akaandika, akapiga muhuri, akamsukumia. "Saa saba sasa," alisema. "Saa kumi ni saa kumi."

Ukumbini mwanamke alikuwa ameingia na kikapu. Alikuwa mrefu, amevaa vizuri, gauni la kitenge kipya na hereni, na alinukia manukato mpaka kaunta. Alikuwa Wema, mke wa Fredy, ambaye mtaani alijulikana kwa jina la mwanawe kama Mama Kudra, na alimletea mumewe chakula cha mchana. Nafasi iliyobaki kwenye benchi ilikuwa pembeni ya Bernadina. Wema alikaa hapo bila kujua. Bernadina alijua. Alikusanya kanga yake isiguse gauni la yule mwanamke, akabaki akitazama mbele.

"Shikamoo afande," Wema alisema. "Mume wangu ataachiwa saa ngapi? Watu wananiuliza, nachoka."

"Marahaba, Mama Kudra. Amesema alikutumia ujumbe alipofika."

"Sikuzote ananitumia." Alitoa simu haraka, kama mtu ambaye alikuwa anangoja kuulizwa. "Huu hapa. Jumatatu. 'Nimefika salama Dubai, joto kali, nakupenda.' Tazama saa."

Saa tisa na dakika ishirini barabara. Hakungoja hata mlango wa ndege ufunguliwe.

"Zawadi analeta?"

"Haya manukato ni ya safari hii. Na tende. Nguo zake nazo huko hoteli wanazifua, wanazipiga pasi, zinarudi zimekunjwa kuliko ninavyokunja mimi." Alicheka kidogo. "Safari hii tu ndiyo wamempotezea suruali. Ya bluu. Mimi mwenyewe niliipanga kwenye begi."

Pantaleo alitazama kile kikapu, na ule uso uliojaa fahari ya mume. Hakuwa na sababu ya kumwumiza mwanamke huyu. Kama suruali ingepatikana, angeweza kumwonyesha hapahapa mezani, kwa heshima. Lakini alitaka amwone Fredy akibaki bila mtu hata mmoja duniani, na alijua njia.

"Mama Kudra," alisema, "tafadhali tufuatane mahali. Kuna vitu huenda ni vya mumeo, tunataka mtu wa kuvitambua."

"Mbali?"

"Si mbali."

Alimwambia dereva apitie kwanza nyumbani kwa Wema ili aache kikapu, maana Fredy alikuwa na wakili na chakula kingesubiri. Hicho ndicho alichosema. Gari lilipotoka kwenye geti la Wema, Pantaleo aliinama akasoma kilomita kwenye dashibodi. Walipita sokoni, wakasimama kidogo kupisha ng'ombe wa mtu, wakaingia Nyahanga. Waliposimama kando ya mashine ya mpunga alisoma tena. Kilomita saba. Dakika kumi na mbili, pamoja na ng'ombe.

Mwenyekiti wa mtaa, mzee Mageni, alikuwa anawangoja awe shahidi, kama sheria inavyotaka. Pantaleo alimwonyesha hati, wakabisha geti.

Dorah alifungua akiwa na mwiko mkononi. Alikuwa mfupi, mchangamfu wa sura, na alipoisoma hati uchangamfu ukamtoka.

"Nilishasema simjui Fredy," alisema. "Mume wangu anaitwa Herman. Anafanya kazi mgodini Geita. Ana zamu, anakuja siku nne kila mwezi."

Pantaleo alimwonyesha picha. Dorah alitazama, kisha akamtazama Wema aliyesimama nyuma ya askari na hereni zake, akaelewa, na akawapisha mlangoni bila kuambiwa.

Ndani palikuwa safi. Viatu vya Fredy vilikuwa chini ya kochi. Juu ya kabati palikuwa na boksi kubwa limefunguliwa. Ndani yake chupa nane za manukato yaleyale aliyojipaka Wema, na pakiti za tende. Kila chupa ilikuwa bado na kibandiko cha duka la Kahama mjini, lile la karibu na stendi. Wema alichukua chupa moja, akakwangua kibandiko kwa ukucha, mahali palepale ambapo kwenye chupa zake za nyumbani alikuwa akikuta pamekwanguliwa bila kujua kwa nini. Aliirudisha palepale ilipokuwa.

"Nguo zake nani anafua?" aliuliza.

"Mimi," Dorah alisema kwa sauti ndogo. "Anapenda zipigwe pasi."

"Na Jumatatu ya wiki iliyopita alikuwa hapa?" Pantaleo aliuliza.

"Alikuja Jumapili jioni. Jumatatu akaondoka na pikipiki mapema, hakujapambazuka vizuri. Akarudi saa nane hivi, akaoga muda mrefu. Baadaye akakaa hapo, akawa anaitazama saa, anaitazama saa, halafu akaandika kitu kwenye simu." Alinyoosha mwiko kuelekea uani. "Akaniambia kuna suruali nje, ichome. Imeharibiwa na oili."

"Ulichoma?"

Dorah aliinamisha kichwa. Mwanamke wa Kahama aliyekulia kwenye shamba la mpunga, aambiwe achome suruali nzima isiyo na tundu wala kiraka, kwa sababu ya doa. Fredy alikuwa amekaa na watu hawa miaka yote bila kuwajua.

"Ni nzima," alisema. "Nilitaka kumpelekea kaka yangu. Nimeiloweka mara moja, haikutoka, nikaiweka nitafute dawa ya madoa."

Ilikuwa ndani ya gunia la pumba, uani. Mageni alishika mdomo wa gunia, askari akavaa mifuko ya plastiki mikononi akaitoa. Suruali ya bluu. Kwenye pindo la miguu ilikuwa imegandamana na udongo wa kijivu wa marudio, ule unaobaki baada ya mawe ya dhahabu kusagwa na kuoshwa, ambao Nyahanga haupo. Kuanzia goti la kulia kwenda juu palikuwa na madoa ya rangi ya kutu, mengi, yamerukiarukia. Hata Mageni alielewa, akavua kofia.

Sasa Pantaleo alihitaji neno moja tu. Dorah alisema suruali ni ya Herman, mume wake wa mgodini. Mtu wa kusema suruali ni ya Fredy, kwamba ndiyo iliyopangwa kwenye begi la Dubai Jumapili ile, alikuwa mmoja, na sheria ilikuwa upande wa kimya chake.

"Mama Kudra," alisema. "Lazima nikuambie mbele ya mwenyekiti. Wewe ni mke wake wa ndoa. Halazimishwi mke kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Ukisema huitambui, au ukinyamaza, hakuna wa kukufanya kitu."

Wema alichuchumaa mbele ya suruali, akaitazama bila kuigusa. Alikaa hivyo mpaka mashine ya mpunga ya jirani ikazimwa na kimya kikaingia uani.

"Nilishusha upindo huu mwenyewe, Jumamosi," alisema. "Uzi wa bluu ulikwisha, nikatumia wa kahawia. Nikamwambia, Baba Kudra, wazungu watakucheka. Akasema huko Dubai hawatazami miguu." Alisimama. "Saa ngapi sasa?"

"Saa tisa kasoro kumi."

"Basi twende haraka. Nimesikia saa kumi anatoka."

Maelezo yake yalichukua dakika arobaini. Pantaleo aliandika, Wema akayasoma, akamsahihisha mahali pawili, akasaini kila ukurasa. Hakulia. Alisema ya suruali, ya begi, ya ujumbe. Kisha, bila kuulizwa, akasema na ya ile nyundo ya kupasulia mawe iliyokuwa stoo kwake na ambayo hajaiona tangu Jumapili ile. Gregory alisoma, akaita mkaguzi wa zamu, akaagiza hati ya mashtaka. Kosa lililoandikwa lilikuwa moja, na halina dhamana.

Saa kumi kasoro dakika tano Wema alikuwa bado amesimama mlangoni kwa Pantaleo.

"Atajua kwamba ni mimi?" aliuliza.

"Mahakamani atajua. Huwezi kufichwa."

"Sitaki kufichwa. Sitaki asubiri mahakama." Sauti yake ilitetemeka kwa mara ya kwanza, na haikuwa kwa huzuni. "Miaka minne nimekuwa nikimwombea hewani. Kila nikisikia ndege juu ya nyumba nasema Mungu mfikishe. Niingize nimwambie mwenyewe."

Haikuwa kwenye utaratibu. Pantaleo alisimama akachukua funguo.

Kwenye benchi Bernadina aliona yule mwanamke wa manukato akipita nyuma ya inspekta. Aliona pia askari wawili wakielekea kule kule na pingu mkononi, akainuka taratibu, akawafuata mpaka mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Fredy alikuwa amekwisha kufunga vifungo vya shati na kuchana nywele. Alimwona mkewe akatabasamu. "Umekuja kunichukua," alisema.

"Nimetoka Nyahanga," Wema alisema. "Dakika kumi na mbili. Tulisimama kupisha ng'ombe."

Tabasamu lilibaki usoni kwa Fredy kwa muda, halina pa kwenda. Alimtazama wakili wake, na wakili huyo alikuwa anapanga karatasi zake ndani ya mkoba. Akatazama mlangoni, akakuta macho ya Bernadina. Pingu ilipofungwa alikuwa amerudi kumtazama mkewe.

"Mama Kudra, nisikilize. Wewe ni mke wangu. Kisheria hawa hawawezi kukulazimisha kusema kitu."

"Hawakunilazimisha," Wema alisema. "Niliomba mwenyewe kuandikisha, na afande aliandika kila nilichosema."